Rungu la bagibea likiokotwa, dadu ya pili inakwenda wapi?

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Nasimamia meza ya watu wanne. Tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la tano, vitabu vya 2014, na wahusika wote wako ngazi ya 5. Majuzi walimuua bagibea, dubwana lenye mwili wa manyoya. Mpiganaji wetu akaokota rungu lake la miiba, akasema kuanzia sasa anarusha dadu mbili za pande 8, maana ndivyo bagibea alivyokuwa akimpiga nalo. Nikamwambia kitabuni rungu hilo ni dadu moja. Alikasirika kweli. Kikao kilichofuata wakakutana na mchawi adui wa ngazi ya 9, na mchezaji wetu anayecheza mchawi akagundua kwamba pointi za uhai za adui zinahesabiwa kwa dadu za pande 8 wakati zake ni za pande 6. Sasa meza nzima inasema madubwana yangu yana sheria zao. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni haki?"

Marahaba, mdogo wangu. Ni kweli, madubwana yana sheria zao, na ni haki. Kuhusu rungu uliamua sawasawa. Lakini hasira ya mpiganaji wako naielewa, tena naiheshimu, kwa sababu mchezaji anayehoji namba ni mchezaji anayeamini kwamba dunia mnayoichezea ipo. Mtu wa namna hiyo usimnyamazishe kwa "kitabu kimesema". Anastahili maelezo, na maelezo yapo.

Tuanze na bagibea mwenyewe. Fungua ukurasa wake usome polepole. Kinga 16, yaani namba ambayo anayemshambulia lazima aifikie ili ampate, pointi za uhai 27, nguvu 15 inayompa nyongeza ya 2. Akipiga na rungu la miiba anaongeza 4 kwenye dadu ya pande 20, na pigo likiingia anarusha dadu mbili za pande 8 kisha anaongeza 2, wastani 11. Sasa panda juu kidogo, kwenye tabia zake maalumu. Kuna mstari mfupi unaosema kwamba silaha ya mkononi ya aina yoyote, bagibea akipiga nayo, huongeza dadu moja ya silaha hiyo. Jibu lako liko hapo. Dadu ya kwanza ni ya rungu, ya pili ni ya mikono ya bagibea. Mpe bagibea upanga mrefu wa mpiganaji wako, naye atarusha dadu mbili. Mpe kisu, atarusha mbili za pande 4. Mpiganaji wako aliokota mti wenye chuma kichwani. Mikono ilibaki kwenye maiti.

Usichanganye hilo na zimwi, lile liitwalo ogri, kwa sababu hapo sababu ni nyingine na mchezaji mkali atakuuliza. Rungu kubwa kwenye kitabu cha mchezaji ni dadu moja ya pande 8, na zimwi linarusha mbili na kuongeza 4. Safari hii dadu ya pili ni ya rungu lenyewe. Zimwi ni kubwa kuliko mtu, silaha yake imechongwa kwa kimo chake, na kitabu cha msimamizi kinasema silaha ya kiumbe cha kimo hicho huwa na dadu mara mbili. Mtu anaweza kulibeba na kulipiga nalo, ila anarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua iliyo ndogo, kwa sababu anapambana na uzito wa gogo kabla hajapambana na adui. Kwa hiyo mchezaji wako akiua zimwi na kudai gogo lake, mpe, na dadu mbili mpe, na hasara yake umpe.

Mpaka hapa ningeweza kuishia, maana rungu limeshaeleweka. Lakini swali lako la pili ni kubwa zaidi, na ukilijibu vibaya meza itaendelea kunung'unika hata baada ya rungu kusahaulika.

Chukua mpiganaji wa ngazi ya 5 wa kawaida. Dadu yake ya uhai ni ya pande 10. Ngazi ya kwanza anapata 10 kamili, kila ngazi inayofuata 6, na siha ya 14 inamwongezea 2 kila ngazi. Jumla 44. Amevaa deraya na kushika ngao, kinga 18. Nguvu yake 18, anaongeza 7 akishambulia, na anapiga mara mbili kwa upanga wa dadu moja ya pande 8 jumlisha 4.

Sasa chukua gladieta kutoka kitabu cha madubwana. Ni binadamu kama yeye, hana pembe wala mkia. Kinga 16, anaongeza 7 akishambulia, sawasawa na mpiganaji wako. Anapiga mara tatu kwa mkuki, kila pigo wastani wa 11. Pointi zake za uhai ni 112.

Hapo ndipo mchezaji anaposhika kichwa. Mtu na mtu mwenzake, mmoja ana 44, mwingine 112? Weka kalamu mezani muhesabu pamoja. Mpiganaji wako anampata gladieta akirusha 9 au zaidi, yaani mara 12 katika 20. Mapigo mawili kwa raundi yanamtoa gladieta wastani wa pointi 10 na ushei. Akiwa peke yake atahitaji raundi 11 kumaliza zile 112, na hatazifikia, kwa sababu gladieta anamtoa 16 na nusu kwa raundi na 44 zake zinaisha kwenye raundi ya tatu. Lakini mpiganaji wako hayuko peke yake. Mezani wako wanne. Tuseme kila mmoja anaumiza kama yeye: pointi 40 zinatoka kila raundi, na gladieta anaanguka raundi ya tatu. Ameumiza watu, ametisha, kila mchezaji amepata zamu yake mbili au tatu, kisha kimekwisha.

Sasa geuza. Mpe gladieta pointi 44 kama mpiganaji. Raundi ya kwanza inamwacha na pointi chache tu, anakufa raundi ya pili ikianza, na wachezaji wanaofuata wanasimulia wanavyompiga mtu aliyeshalala chini.

Hiyo ndiyo sababu yenyewe, na ndiyo ninayotaka meza yako iichukue. Namba za mhusika wa mchezaji ni za mtu atakayeishi vikao 30 au 50, atakayeamka kesho na majeraha ya leo, mwenye wenzake watatu wa kumfunika. Namba za dubwana ni za kiumbe kinachoingia mezani mara moja, kinazungukwa na watu wanne, na kina raundi tatu za kusema yote kiliyo nayo. Maisha hayo mawili hayafanani, na kitu kinachohesabu maisha hayo hakiwezi kufanana.

Kiwango cha ugumu cha gladieta ni 5, na maana yake ni hii: watu wanne wa ngazi ya 5 waliopumzika wanaweza kumshinda bila mmoja wao kufa. Kipimo hicho kinamlinganisha na kundi zima. Hakisemi kwamba yeye ni sawa na mtu wa ngazi ya 5. Kosa hili naliona kila mahali. Msimamizi mgeni anasoma "5" kwenye ukurasa wa dubwana na "5" kwenye karatasi ya mchezaji, anadhani ni fedha ya nchi moja.

Na angalia dadu za uhai zenyewe, kwa sababu ndizo zilizomkera mchawi wenu. Kwa mchezaji, dadu ya uhai inafuata kazi: mchawi pande 6, mpiganaji pande 10, na wale wapiganaji wa hasira pande 12. Kwa dubwana inafuata kimo cha mwili. Goblini ni mdogo, pande 6. Mtu ni wa wastani, pande 8. Zimwi pande 10. Joka jekundu lililokomaa pande 12, na analo 19 za hizo, ukijumlisha na nyongeza ya siha yake ndipo zinapatikana pointi 256. Mchawi adui ana dadu za pande 8 kwa sababu ana mwili wa mtu, basi. Kitabu cha madubwana hakimuulizi amesomea nini.

Sasa mwambie mchezaji wako aandike mchawi wake atakavyokuwa akifika ngazi ya 9. Dadu za pande 6: 6 mwanzo, kisha 4 mara nane, na siha ya 14 inayomwongezea 2 kila ngazi. Jumla 56. Mchawi adui, na dadu zake za pande 8, ana 40. Dadu kubwa, pointi chache, kwa sababu siha yake ni 11 na haimpi chochote. Endelea. Wachezaji wako wakitaka kujinusuru na uchawi wake wanatakiwa kufikisha 14. Wa mchezaji wako wa ngazi ya 9 mwenye akili ya 18 utadai 16. Nyongeza ya umahiri ya adui ni 3, kwa sababu kwa dubwana inafuata kiwango cha ugumu, na chake ni 6. Ya mchezaji kwenye ngazi ya 9 ni 4. Kila mahali mchezaji wako atakuwa mbele.

Isipokuwa sehemu moja, na hapo ndipo adui anapopata meno. Wote wawili wana nafasi 14 za uchawi kwa siku, yaani mara za kuroga, kuanzia uchawi mdogo hadi mkubwa: nne, tatu, tatu, tatu, moja. Mchezaji wako lazima azigawe. Kuna mlango wa kufungua, kuna mto wa kuvuka, kuna mapigano ya asubuhi na ya jioni, na hajui lini atalala. Mchawi adui hana jioni. Uchawi wake mkubwa kabisa, ule upepo wa baridi wa dadu nane za pande 8, atautoa kwenye raundi ya kwanza bila kufikiri mara mbili, kisha tufe la moto kwenye raundi ya pili. Nafasi zaidi ya kumi zitabaki bila kuguswa, na wewe msimamizi umezisoma zote usiku uliotangulia bila faida. Vitabu vya madubwana vilivyotoka kuanzia 2022 vimeliona hilo: adui wengi wa kichawi siku hizi hawaandikiwi nafasi, wanaandikiwa uchawi huu mara moja kwa siku, ule mara mbili, na pigo moja la kawaida la kujirudia. Nakushauri ufanye hivyohivyo hata kwa vitabu vyako vya 2014. Chagua uchawi minne, uandike kwenye kikaratasi, uache mengine.

Ubishi wa meza yako una umri mkubwa kuliko wachezaji wako. Mchezo wenyewe ulipotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kule Marekani, dubwana lilikuwa mstari mmoja kwenye jedwali: hujitokeza mangapi, kinga, mwendo, dadu za uhai, uwezekano wa kulikuta nyumbani kwake, aina ya hazina. Nguvu haikuandikwa, wala wepesi, wala busara. Sifa zile sita zilikuwa za wachezaji. Mwaka uliofuata Ken St. Andre wa Arizona akatoa Tunnels & Trolls, ambamo dubwana zima laweza kuwa namba moja tu, na kutoka namba hiyo unapata dadu za kurusha na nyongeza yake. Halafu mwaka 1978 RuneQuest ikaja na msimamo wa upande wa pili: kila kiumbe, awe mtu au dubwana, ana sifa zilezile, na majeraha yanahesabiwa mguu kwa mguu, mkono kwa mkono. Kwa hiyo ndani ya miaka minne ya kwanza watu walikuwa wameshaligawanya jibu pande zote mbili, na tangu hapo tunakwenda na kurudi.

Dungeons & Dragons yenyewe ilivuka upande wa RuneQuest mwaka 2000, na toleo la tatu. Hapo sheria ikawa moja. Dubwana lilipewa sifa sita, likapewa ujuzi, likapewa vipaji vilevile anavyochagua mchezaji. Nililipenda sana toleo hilo na bado nina vitabu vyake. Zimwi la marekebisho ya 2003 lina pointi 29, na ukitaka kujua zimetoka wapi unaweza kuzifuata hadi ya mwisho: dadu nne za pande 8, wastani 18, siha inaongeza 8, na tatu zilizobaki zinatoka kwenye kipaji cha ugumu wa mwili ambacho zimwi lilichagua kama vile limekaa mezani na penseli. Hata mchezaji akitaka kucheza zimwi, kulikuwa na hesabu: dadu zake nne pamoja na ngazi mbili za fidia, kwa hiyo zimwi jipya kabisa linahesabiwa kama mhusika wa ngazi ya 6.

Lakini tazama kinga ya zimwi hilohilo, 16. Juu ya 10 ya kuanzia, ngozi lililoivaa inatoa 3. Ukubwa wake unapunguza 1, wepesi mdogo unapunguza 1. Na zilizobaki? "Ngozi ya asili," 5. Kwa nini 5 na si 2? Hakuna kanuni inayosema. Walihitaji 16, wakaandika 5. Kila nilipojenga dubwana langu kwenye toleo hilo nilifanya vivyo hivyo: nusu saa ya hesabu safi, kisha ngozi ya asili kuziba pengo hadi ifike namba niliyoitaka tangu mwanzo. Nikajiuliza ile nusu saa ilikuwa ya nini.

Toleo la nne, 2008, lilijibu kwa ukali. Namba za dubwana zilitoka kwenye ngazi yake na kazi yake vitani, na madubwana ya kundi yalikuwa na pointi 1 tu ya uhai: ukigusa, limekufa. Humo kuna zimwi la ngazi ya 8 lenye pointi zaidi ya 100, na zimwi lingine la ngazi ya juu zaidi lenye pointi 1. Mapigano ya toleo hilo yalikuwa mazuri mno, sijapata kuona yanayoyazidi. Lakini kuna kitu kilipotea. Kijana aliyekimbizwa na zimwi mwezi wa pili, akalihofu, akalikumbuka, alipolikuta tena mwezi wa tisa likaanguka kwa mkwaruzo mmoja, hakujisikia amekuwa shujaa. Alihisi zimwi limebadilishwa wakati yeye hayupo. Toleo lenu la tano limekaa katikati: dubwana lina sifa sita zinazoeleweka, namba zake zinaweza kufuatwa kwa kalamu, ila kiasi cha uhai na cha maumivu kinapangwa kwa jedwali la kiwango cha ugumu. Yule bagibea wako wa ugumu 1 anaumiza 11, na jedwali la ugumu 1 linasema 9 hadi 14. Naona ndipo mahali pazuri pa kukaa. Pathfinder nayo, mchezo mwingine wa aina hii, iliyokuwa imeshikilia njia ya toleo la tatu tangu 2009, iliiacha mwaka 2019 na kuanza kupanga madubwana kwa majedwali.

Nikueleze kilichonibadilisha mimi, kwa sababu najua kishawishi utakachokipata. Baada ya meza kulalamika, utataka kuwajenga maadui wako kwa kanuni za mchezaji, ili mtu yeyote asiseme tena. Nilifanya hivyo. Nilikuwa na adui mkuu wa kampeni, yaani hadithi moja ndefu ya mezani, ya miezi saba, mchawi mwanamke aliyewachomea wachezaji kijiji. Nikamjenga ngazi kwa ngazi, kama mhusika wangu mwenyewe, nikachagua kila uchawi, jioni mbili nzima. Siku ya siku wakamfikia mnarani. Tukarusha dadu za kupanga zamu, wachezaji wote wanne wakamtangulia. Mpiganaji alitumia ile nguvu yake ya kuongeza tendo, akapiga mara nne. Zamu ya mchawi haikufika. Miezi saba ya chuki ikaisha kabla hajafungua mdomo, na nakumbuka ukimya uliofuata: waliniangalia wakisubiri niseme kwamba yule alikuwa kivuli, wa kweli yuko ghorofani. Sikusema, kwa sababu ingekuwa uongo.

Tatizo ni kwamba mhusika wa mchezaji ameundwa apige sana na avumilie kidogo, kwa kuwa ana wenzake wa kumwinua. Ukimweka upande wa pili peke yake, pambano linaamuliwa na nani amepata zamu kwanza. Akitangulia yeye, anaweza kumlaza mchezaji mmoja papo hapo. Wakitangulia wao, yakatokea yaliyonitokea. Vyovyote iwavyo hakuna pambano.

Kwa hiyo ukitaka nahodha wa maharamia, mlinzi wa sultani, muuaji wa kukodiwa, usifungue kitabu cha mchezaji. Chukua askari mzoefu wa kitabu cha madubwana, ugumu 3, pointi 58, kinga 17. Mbadilishie jina na silaha, kisha mpe jambo moja tu ambalo wachezaji watalitambua kutoka kwenye kazi zao wenyewe: anaongeza tendo mara moja kama mpiganaji, au anajificha katikati ya pambano kama mwizi. Hilo moja linatosha kuwafanya waseme "huyu ni kama mimi". Hawataona kwamba mengine yote hayafanani.

Sasa upande wa pili wa haki, maana nisingependa uende mezani ukidhani msimamizi anaweza kuandika chochote. Kuna vitu lazima viwe sawa kwa pande zote, na ni vile ambavyo mchezaji anaweza kuvishika au kuvitaja kwa jina. Tufe la moto ni dadu nane za pande 6 likitoka mkononi kwa yeyote, na linajinusuriwa kwa njia ileile. Deraya ya adui ikivuliwa na kuvaliwa na mchezaji itoe kinga ileile. Sumu, hofu, kupooza, kuanguka chini: maana moja kwa wote. Mchezaji anapanga mbinu zake juu ya vitu hivi, na ukivigeuza nyuma ya karatasi umemnyang'anya akili yake. Adui akiwa na uchawi usiokuwemo kwenye kitabu cha mchezaji, uwe na asili inayoweza kutafutwa: ni mkataba na pepo, ni kitabu kilichofichwa, ni ugonjwa. Mchezaji akisema "nami nautaka", jibu liwe safari au gharama, lisiwe "hapana, huo ni wa dubwana".

Kifo nacho kinatofautiana, na wachache hukiuliza. Mhusika wa mchezaji akifika 0 anaanguka na kuanza kurusha dadu za mauti, mara tatu za kupona au mara tatu za kufa. Dubwana likifika 0, kwa kawaida limekufa. Lakini kitabu cha mchezaji kinakuruhusu kuwapa maadui wakubwa dadu hizohizo. Uitumie ruhusa hiyo. Adui anayelala akivuja damu, huku mwenzake akikimbilia kumtibu, hutengeneza raundi nzuri kuliko pointi 30 za ziada.

Na wakija kumhurumia goblini na kumfanya rafiki, jambo ambalo kila meza hulifanya siku moja, usimwandikie karatasi ya mchezaji. Mwaka 2020 zilitolewa kanuni za wasaidizi: kiumbe cha ugumu wa nusu au chini ya hapo kinabaki na namba zake za dubwana, kisha kinapanda ngazi kwa njia nyepesi. Goblini wako wa pointi 7 atakua taratibu pamoja nao, na kile kipaji chake cha kuchomoka vitani na kujificha hakitapotea.

Turudi kwa mpiganaji wako. Rungu la miiba jipya ni vipande 15 vya dhahabu, ila silaha za madubwana kwa kawaida zimechakaa na hazipati mnunuzi, kwa hiyo asilichukue kwa ajili ya soko. Akilichukua kwa ajili ya kupigana, mweke chini mhesabu pamoja kama mlivyohesabu ya gladieta. Bagibea alipiga mara moja kwa raundi: dadu mbili, jumlisha 2, wastani 11, na akikosa zote mbili zimepotea. Mpiganaji wa ngazi ya 5 anapiga mara mbili. Rungu hilohilo mkononi mwake, akiwa na nguvu ya 18, ni dadu moja jumlisha 4, kisha dadu nyingine jumlisha 4. Wastani 17, na akikosa pigo la kwanza bado ana la pili. Dadu mbili alizokuwa anazidai anazo, na anazirusha moja baada ya nyingine.